Betri Sita Juani

Baba yangu alikuwa Mathias Lubango, mhunzi wa majembe, na mama yangu alikuwa Theresia Kalekwa, mfinyanzi wa vyungu. Nilizaliwa Ushirombo, upande wa Bukombe, katika nyumba iliyokuwa karibu sana na misheni, hata kengele ya asubuhi ilituamsha kabla ya jogoo. Kaka zangu wawili walipelekwa shule. Mimi nilipelekwa kisimani. Silalamiki, naeleza tu kwa nini maneno haya yameandikwa kwa mkono wa mjukuu wangu Minza, na kwa nini nimemwagiza anisomee kila ukurasa mara mbili, asije akanipamba.

Nawaandikia ninyi mnaopiga vinanda siku hizi, hasa vijana wa kwaya ambao mwezi uliopita niliwaachia kiti changu. Mliniuliza kazi yangu ilikuwaje. Sitasema nililipwa nini wala nilipandishwa cheo lini, kwa kuwa mambo hayo hayajawahi kumfundisha mtu kupiga kinanda. Nitasema nilichokisikia na nilichokishika.

Kinanda changu cha kwanza hakikuwa changu. Kilikuwa cha kanisa, cha kukanyagwa kwa miguu, na niliitwa kukifagia, si kukipiga. Panya walikuwa wamezaa ndani yake. Mwalimu wa kwaya, katekista aliyeitwa Mwalimu Anselmi, mtu mrefu asiyependa maneno, aliniambia nitoe kiota bila kugusa kingine chochote. Nilitoa kiota. Kisha nikaona kwamba panya walikuwa wametafuna ngozi ya mvukuto, mahali pa kutosha kupitisha ngumi yangu, nikamwambia. Aliinama, akatazama, akauliza ngozi ya kuziba itatoka wapi. Nikamjibu kwamba baba yangu ana mivukuto miwili ya kufulia chuma, nayo huzibwa kwa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta. Siku ya tatu kinanda kilipumua tena. Kilipumua kwa mkoromo kidogo, na mkoromo huo haukutoka mpaka naondoka Ushirombo, lakini Mwalimu Anselmi alisema watu waliozoea kuimba kwa mkoromo wasibadilishiwe ghafla.

Baada ya hapo aliniruhusu kukaa nyuma yake wakati wa mazoezi. Yeye alisoma karatasi. Mimi nilitazama vidole vyake. Siku moja alipoumwa homa, nilipiga nyimbo nne za misa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa mikono yote miwili, huku nikikanyaga. Alipopona aliambiwa. Nilitegemea viboko. Aliniketisha, akanifunika macho kwa kitambaa cha kufutia kalisi ya misa, akabonyeza kibao kimoja, akaniamuru nikitafute. Nikakipata. Akabonyeza viwili. Nikavipata. Tulifanya hivyo mpaka jua likafika dirisha la magharibi. Mwishowe akasema, "Wewe karatasi haitakusaidia kitu. Sikiliza kwanza, ndipo uguse." Hiyo ndiyo shule yangu yote. Ilikuwa na mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja na kitambaa kimoja.

Niliolewa Didia, kwa Wasukuma, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mume wangu, Baba Shija, alifanya kazi ya kukandamiza marobota katika kinu cha kuchambulia pamba mjini Shinyanga, nami nikapata kazi ya ufagio hapohapo. Asiyewahi kufagia kinu cha pamba hajui ufagio ni nini. Vumbi la pamba halifagiliwi, linaombwa. Ukilifukuza kwa nguvu linaruka, linakutazama kutoka darini, kisha linarudi mahali pake. Kwa kuwa sikujua herufi, nilijifunza namba kutoka ubavuni mwa marobota, ambako ziliandikwa kwa wino mweusi, kubwa kama viatu. Namba nilizijua vizuri. Herufi tuliendelea kupishana.

Kinu kilikuwa na bendi. Zama zile mashirika mengi ya umma yalikuwa na bendi zake, na hapakuwa na aliyeona ajabu kwamba mtu wa mizani ndiye mpiga besi. Kiongozi wetu alikuwa Bwana Hamisi Kitwana, mzaliwa wa mjini, ambaye babu zake walikuja na misafara kutoka pwani wakaoa huku. Mtu wa swala tano, na mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kupakua mbegu. Mpiga gitaa alikuwa Mayunga, mwenye mikono ya dhahabu na mdomo usio na mlango. Bendi ilifanya mazoezi katika ghala la tatu, na ghala la tatu lilikuwa katika zamu yangu.

Walikuwa na ogani ya umeme, kubwa kama kabati la nguo. Mpigaji wake alihamia Mwanza bila kuaga, ikabaki imefunikwa turubai. Nilikuwa nikifagia kuizunguka. Adhuhuri moja, watu walipokwenda kula, niliegemeza ufagio, nikafunua turubai, nikapiga wimbo mmoja wa kumpokea askofu, kwa sababu ndio ulionijia. Nilipogeuka, Bwana Hamisi alikuwa mlangoni na sahani yake ya wali mkononi.

"Mama Shija, umejifunza wapi?"

"Kanisani."

Akala tonge moja, akafikiri. "Basi piga hivyohivyo, lakini kwa haraka, kama askofu amechelewa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika muziki wa dansi. Mama mkwe wangu alisema maneno, na paroko akasema maneno mengine, na yote yalikuwa ya kweli kiasi. Baba Shija alisema jambo moja tu, kwamba kama ni kucheza nitacheza naye. Jumapili niliendelea kupiga kanisani. Sikuona kwamba vidole vyangu vilibadilika tabia kati ya Jumamosi na Jumapili.

Hata hivyo bado nilikuwa mfagizi. Ogani ile ilikuwa nzito mno, watu wanne waliinyanyua, na kila safari ilipotea sauti moja. Barabara ya Tinde ilikula vibao viwili vya juu. Safari ya Geita ilikula besi yote. Vumbi jekundu liliingia ndani, likashikana na jasho la mashine, nami nikalisugua kwa mswaki na spiriti, kibao kimoja kimoja, jioni baada ya jioni. Waya zilipokatika niliziunga kwa risasi iliyoyeyushwa juu ya jiko la mkaa, kwa msumari wa baba yangu uliochongwa bapa. Miaka ilivyokwenda, nilipiga ogani hiyo kidogo zaidi, na ufagio zaidi.

Katikati ya miaka ya themanini, Bwana Abdu, mwenye duka la redio Tinde, alikuja kinuni na sanduku refu jembamba kama jeneza la mbuzi. Ndani mlikuwa na kinanda cheusi cha plastiki, chepesi hata nikakibeba kwa mkono mmoja kama beseni la mboga. Kilikuwa na vibao vya oktava nne, spika hakikuwa nayo, na pembeni palikuwa na vishikizo viwili vya kufungia mkanda, ili mtu akivae shingoni kama gitaa. Hakikuwa na vifundo vya kuzungusha, isipokuwa vichache. Badala yake kilikuwa na vitufe na kidirisha kidogo chenye namba nyekundu za kuwaka. Nafasi za sauti zilikuwa sitini na nne. Bwana Abdu alikiunga na amplifaya yetu, akabonyeza namba, ikatoka tarumbeta. Akabonyeza nyingine, zikatoka fidla nyingi kwa pamoja. Akabonyeza nyingine, Mayunga akaruka nyuma, kwa kuwa ilikuwa radi.

Bwana Abdu alitueleza kwa adabu, naye alikuwa fundi anayejua asemacho. Alisema kinanda hiki ni nusu kwa nusu. Sauti yake inazaliwa kwa hesabu, katika vipande vidogo vinavyohesabu upesi kuliko karani yeyote. Lakini ikishazaliwa inapitishwa katika kichujio cha umeme cha mtindo wa kale, kama cha redio zetu, na hapo ndipo inapopata joto. Hesabu tupu, alisema, ina ubaridi. Nilimwelewa vizuri. Togwa nayo haina utamu kabla ya kuchujwa.

Meneja wa kinu, mtu wa mbali asiyecheka ovyo, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa uamuzi wake. Kinanda kingekaa nasi kwa majaribio hadi mashindano ya mavuno, ambayo mwaka huo yangefanyika Mwakitolyo, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Yeye mwenyewe angekuwapo. Kama kingevuta watu, kinu kingekinunua, nami ningeondolewa katika orodha ya ufagio na kuandikwa mpigaji. Kama hakingevuta, kingerudi Tinde, ogani ingeuzwa chuma chakavu, nami ningefagia mpaka kustaafu. Alisema hayo mbele yangu, kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma ratiba ya treni. Nilimshukuru kwa uwazi wake. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba nafasi ya pili haitakuja.

Lazima nieleze mashindano hayo, maana ninyi mmezoea majaji wenye karatasi. Usukumani, katika mbina, yaani ngoma za ushindani, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, katika viwanja viwili vinavyoonana. Hakuna jaji. Watazamaji hukimbilia upande unaowapendeza. Upande mwingine ukizidisha utamu, wanahama tena, mbio, kwa kelele na vumbi. Jua likizama, mwenye watu ndiye mshindi. Na kiongozi akitoka katika uwanja wake kwenda kutazama wa mwenziwe, amekubali mwenyewe kwamba ameshindwa, hata kama hakusema neno. Mwaka ule wazee wa Mwakitolyo waliamua kwamba bendi ya kinu ishindane na wacheza ngoma wa majembe wa Luhende. Luhende alikuwa mcheza ngoma mkubwa, mwembamba, na vijana wake walirusha majembe juu, wakayadaka migongoni. Kumshinda kwa gitaa ilikuwa ndoto. Bwana Hamisi aliweka matumaini yake yote kwenye radi.

Tulifika Mwakitolyo siku ya Alhamisi, kwa lori la pamba. Mashindano yalikuwa Jumamosi. Jenereta tulikuwa nayo kwa ajili ya magitaa na amplifaya, lakini kile kiungo cha kukipa kinanda umeme wa ukutani hakikuwamo sandukuni, kwa hiyo kinanda kilitumia betri sita, za ukubwa wa kati, ambazo Shinyanga nzima hazikupatikana wakati ule. Katika mazoezi ya Alhamisi jioni namba nyekundu zilianza kufifia.

Sasa fikirini ninyi wenyewe mtu wa kwetu hufanya nini betri ikichoka. Asubuhi ya Ijumaa nilifanya kile ambacho kila nyumba yenye redio au tochi ilikifanya. Nilifungua mlango wa chini, nikatoa betri zote sita, nikazipanga juu ya boneti ya lori kwenye jua kali, nikazigeuza kama mtu anayekausha mihogo. Baada ya saa mbili zilikuwa za moto vizuri. Nikazirudisha. Namba zikawaka nyekundu, nzuri kuliko jana. Nikafurahi. Nikakiunga na amplifaya, nikaweka mkono kwenye vibao.

Ikatoka sauti ya bati linaloburutwa kwenye mawe. Nikabadili nafasi, bati. Nikaenda kwenye tarumbeta, bati. Nikapita nafasi zote sitini na nne, na katika nyingine hakukuwa hata na bati, kulikuwa na kimya. Kinanda hakikuwa kimeharibika. Kilikuwa kimesahau. Nilielewa dakika ileile, kwa sababu hakuna kingine kilichotokea kati ya Alhamisi na Ijumaa: kumbukumbu ya kinanda kile ilikuwa inakaa kwa nguvu ya betri hizohizo, na mimi nilikuwa nimezianika.

Jambo linalofuata sijalisema kanisani wala barazani, ila kwa padre mmoja ambaye ameshafariki. Nilinyamaza. Bwana Hamisi alipokuja na kusikia bati, aliniuliza kimetokea nini, nikasema sijui. Ilikuwa kama saa nne. Nilikuwa nikiuona ufagio waziwazi kama ninavyokuona wewe, Minza.

Mahali penye kimya kama hicho, watu hujaza wenyewe. Mayunga alikumbuka kwamba alfajiri Luhende alipita karibu na lori, akasimama, akasalimia, akauliza kile kitu cheusi ni nini. Mtu mwingine akaokota mzizi karibu na gurudumu. Katika nchi ile ukiinama popote utaokota mzizi. Ilipofika saa saba ilikuwa imekwisha kuwa habari kamili: Luhende amekiroga kinanda cha kinu. Wachimbaji waliokuwa upande wetu wakaacha mashimo yao wakaja kusikiliza. Bwana Hamisi alisema hayo ni maneno ya kipuuzi, lakini alisema kwa sauti ndogo. Kufikia saa nane vijana kumi na kitu walikuwa na fimbo, na Mayunga, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumpiga hata kuku, alikuwa mbele yao.

Ninyi mnajua kwamba katika nchi yetu watu wamekufa kwa maneno ya aina hiyo. Nilisimama mbele ya lori.

"Wekeni fimbo chini," nikasema. "Luhende hakugusa kitu. Sauti nimeziua mimi. Nilizitoa betri nikazianika."

Kisha Mayunga akauliza, taratibu kabisa, "Uliweka kwenye bati au kwenye mchanga?"

"Kwenye boneti."

"Mimi huweka kwenye mchanga," akasema. "Lakini kuanika, ningeanika hata mimi."

Mtu mmoja nyuma akasema na yeye angeanika. Mwingine akasema betri zake ziko juu ya paa sasa hivi. Walianza kubishana kama mchanga unashinda bati, na fimbo zikawa za kuegemea. Sijawahi kuwapenda wanaume wanaobishana kama siku ile.

Bwana Hamisi hakucheka. Alinivuta kando, akaniuliza ni kwa nini nilinyamaza tangu saa nne. Nikamwambia niliogopa ufagio. Alitikisa kichwa muda mrefu, akasema, "Kesho utapiga nini, Mama Shija?"

"Nipeni kivuli," nikasema, "na Mayunga anyamaze."

Hapo ndipo ilipoanza kazi halisi, na hapa naomba vijana msikilize, maana haya hayafundishwi na kitabu kilichokuja na kinanda. Kilikuja na kitabu, na Mayunga aliyemaliza darasa la saba alijitolea kunisomea. Alisoma neno moja la kigeni kwa taabu. Nikamuuliza maana yake nini. Akasema hajui. Nikamwambia akifunge.

Nilikaa chini ya turubai la pamba na kinanda mapajani, waya wake umechomekwa kwenye amplifaya. Niligundua kwamba ukibonyeza namba fulani, kidirisha kinakubali kupandishwa na kushushwa. Basi nilichukua namba moja, nikaipandisha mpaka mwisho, nikaishusha mpaka sifuri, huku kidole cha mkono wa kushoto kimeshika kibao kimoja, nikasikiliza ni nini kilichobadilika. Kisha namba iliyofuata. Nyingine hazikubadili kitu nilichokisikia, nikaziacha. Zile zilizobadili nilizipa majina yangu. Kulikuwa na namba niliyoiita Mfuniko, kwa sababu ukiishusha sauti inakuwa kama iliyofunikwa ndani ya sufuria, na ukiipandisha mfuniko unafunuka na mvuke unatoka. Hicho ndicho kilikuwa kichujio cha Bwana Abdu. Kulikuwa na Mlango, inayoamua kama sauti itaingia mbio au itaingia kwa hodi. Kulikuwa na Mkia, ambayo ukiirefusha sauti inaendelea hata ukiondoa kidole. Kulikuwa na Mchanga, inayotia mkwaruzo. Sikuweza kuandika, kwa hiyo nilizishika kichwani, Mfuniko namba fulani, Mlango namba fulani, kama nilivyozishika namba za marobota.

Nilijaribu kurudisha fidla. Sikuweza, kwa kuwa fidla sikuwahi kuziona. Nilizisikia kwa wiki sita tu ndani ya kinanda hichohicho. Tarumbeta ilitoka kama ndama. Nikapoteza saa nzima kwa ukaidi. Ndipo nilipojiuliza ni sauti gani hasa ninayoijua, ambayo hata nikifunikwa macho nitaitambua. Nikaacha za ugenini.

Ya kwanza niliyotengeneza ilikuwa kinanda cha Ushirombo, pamoja na mkoromo wake. Ilitoka upesi, Mlango wa hodi na Mchanga kidogo. Ya pili ilikuwa king'ora cha kinu chetu, kile cha saa moja asubuhi, ambacho kila mkulima wa pamba alikisikia akiwa kwenye foleni ya mizani. Hiyo niliimaliza jua likizama, na mpishi wetu aliacha sufuria, akatafuta zamu yake.

Ya tatu niliianza Jumamosi asubuhi. Baba mkwe wangu, kule Didia, alikuwa na ndono, ule upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu. Mpigaji hugonga uzi kwa kijiti, na kibuyu hukiweka kifuani. Akikisogeza mbali na ngozi sauti inafunguka, akikikandamiza inafumba. Nilitazama kidirisha chekundu nikaelewa kwamba kifua cha mzee yule na Mfuniko wangu ni kitu kimoja. Mlango nikaufungua wazi kabisa, ili kijiti kigonge. Mkia nikaukata. Mfuniko nikautafutia namba inayoufanya ufunguke wenyewe kidogo kila ukibonyeza, kisha urudi. Nilikosea mara nyingi kuliko ninavyotaka Minza aandike. Ilipokuwa saa sita na nusu, Baba Shija, aliyekuja na marobota ya kukalia wageni, alisimama ghafla katikati ya uwanja na kusema, "Baba yuko hapa?"

Baba yake alikuwa amezikwa miaka minne kabla ya siku ile. Nikajua imepatikana.

Mashindano yalianza saa nane. Sitaficha: kwa saa mbili Luhende alitunyang'anya kila mtu. Majembe yalipaa, jua likayapiga, watu wakapiga vigelegele kwake. Mayunga alipiga vizuri sana kwa mbwa wawili na wachuuzi wa miwa. Meneja alikaa kwenye robota, mguu juu ya mguu, akitazama saa yake. Bwana Hamisi aliniangalia. Nikapiga king'ora.

Watu wote waligeuka. Mzee mmoja aliyekuwa uwanja wa Luhende alianza kutembea kuelekea kwetu kabla hajafikiri, kama mtu anayewahi mizani, kisha akashtuka, akacheka mwenyewe, na wenzake wakamcheka, wakaja kuona kinatoka wapi. Nikakipiga tena, na besi ikakidaka, na ngoma ikaingia chini yake, kikawa wimbo. Nusu ya watu walihama. Luhende akarusha majembe mawili kwa mpigo, wakarudi. Tukakaa hivyo muda mrefu, vumbi likienda na kurudi kama maji katika beseni, na sijawahi kufurahi kiasi kile, ingawa uso wangu nilijitahidi kuuweka kama wa mtu aliye kazini.

Jua lilipokuwa limeegemea, nilifunga mkanda shingoni, nikasogea mbele, nikawaashiria wenzangu wanyamaze. Nikapiga ndono peke yake, mwendo wa wazee, polepole, nikiukaza na kuulegeza Mfuniko kwa mkono wa kushoto. Bibi mmoja mbele yangu aliweka kikapu chini. Watu hawakukimbia safari hii. Walikuja kwa kutembea. Wachimbaji waliokuwa na udongo mpaka kwenye nyusi walivua kofia. Ngoma za upande wa pili zikapungua moja moja, na katikati ya watu nikaona njia inafunguka, na Luhende mwenyewe akaja, jembe begani, akanizunguka mara moja, akainama akatazama chini ya kinanda.

"Mayu," akasema, kama anavyoitwa mama kwa Kisukuma, "kibuyu umekificha wapi?"

"Kimo ndani," nikamjibu. "Kinapigwa kwa hesabu."

"Basi usiache kuhesabu," akasema, akaweka jembe chini, akacheza. Vijana wake wakaja nyuma yake wakacheza naye, wakafuata na wapiga ngoma wao, bendi yetu ikaingia, na jua likazama juu ya uwanja mmoja. Wazee wa Mwakitolyo walibishana mwaka mzima. Wengine walisema Luhende alitoka uwanjani mwake kwa hiyo alishindwa. Wengine walisema alihama pamoja na uwanja. Nilimweleza baadaye habari ya fimbo na ya kimya changu. Aliniuliza ni betri za aina gani, nikamwonyesha, akasema yeye huweka kwenye majivu ya moto.

Meneja alishuka kwenye robota, akajikung'uta pamba. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akamwambia karani wake, "Jumatatu atafutwe mfagizi mwingine."

Nilipiga kinanda hicho katika bendi mpaka kinu kilipofungwa nikaachiwa kiwe changu, na baada ya hapo kanisani, mpaka mwezi uliopita vidole vilipokataa. Bwana Abdu alituletea kile kiungo cha umeme wa ukutani miezi michache baada ya Mwakitolyo, nikajifunza kubadilisha betri huku kimechomekwa. Nimefundisha watu kumi na mmoja. Wote walianza kwa kufunikwa macho, na wote walilalamika.

Sasa, Minza, haya ni yako. Kinanda ukitunze, lakini usikitie kabatini. Chombo kisichopigwa ni plastiki tu. Betri ubadilishe chini ya umeme, na zilizokwisha uzitupe, usianike kitu. Mkanda ukikatika ushone, usinunue mwingine, huo umeshazoea mabega ya familia hii. Cheti nilichopewa na kinu kimo katika bahasha ya kaki, na mchwa wakikila usiwafukuze. Kesho asubuhi utakuja na kalamu na daftari jipya, nami nitakutajia namba zote za ndono, moja baada ya nyingine, na utaziandika kwa wino, kubwa, upate kuzirudisha siku umeme ukikukimbia. Majina usiyabadilishe. Mfuniko ni Mfuniko.

Katika nafasi sitini na nne, kwa miaka yote hii nimejaza saba. Saba hizo usizifute. Anza na ya nane.